Maziwa, Mbung'o na Watu wa Ziwa Nyasa

Miongoni mwa barua zilizonifikia mwezi huu iko moja kutoka Mbinga, kurasa mbili za daftari la shule, mwandiko wa mama kijana ambaye jina lake nitalihifadhi. Kwao ni mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli. Ameolewa juu milimani, kwa Wamatengo. Kikundi cha mume wake kilipata mitamba ya maziwa, na nyumba yao ikabahatika kupata mmoja. Mtoto wao wa kiume, mwenye mwaka mmoja na miezi saba, aliharisha vibaya mvua zilipoanza. Majirani wakamshauri mama amwachishe ziwa, ati maziwa yake yamechafuka, na badala yake ampe maziwa ya ng'ombe, kikombe asubuhi na kikombe jioni, ili arudishe mwili. Mtoto hakurudisha mwili. Tumbo lilijaa kama ngoma, likawa linaunguruma usiku kucha, na choo kikawa maji yenye uchachu yaliyomchubua makalio.

Mama mkwe alitazama kwa siku chache, kisha akatoa hukumu: mtoto amebemendwa. Kwa wachache wasiolijua neno hilo, maana yake ni kwamba mzazi hakutulia wakati mtoto ananyonya, alitoka nje ya ndoa au alirudi kwa mumewe mapema, na uchafu wake umemwingia mtoto. Kikao cha ukoo kimekwisha kuitishwa. Mama huyu anauliza swali moja tu: ni mimi, au ni maziwa?

Ni maziwa, mama. Au kwa usahihi zaidi, ni utumbo uliochubuliwa na kuharisha, ukapewa maziwa ya ng'ombe kabla haujapona. Huo ndio ufupi wake. Lakini wasomaji wengine, na hasa wazee wa kikao endapo gazeti hili litawafikia, wanastahili zaidi ya jibu la sentensi moja, maana suala hili lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imefanyika hapa hapa Afrika Mashariki.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Maziwa yote, ya mama na ya ng'ombe, yana sukari yake iitwayo laktosi. Sukari hii haipiti ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Sharti ikatwe vipande viwili, na kinachoikata ni kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho hukaa kwenye ncha za vinyweleo vidogo mno vilivyotanda ndani ya utumbo mwembamba. Mtoto mchanga huzaliwa na laktesi tele, na anaihitaji kweli, kwa kuwa maziwa ya mama yana sukari hiyo kuliko ya ng'ombe: gramu kama 7 katika mililita 100, wakati ya ng'ombe hayafiki 5. Mtoto akikua na kuacha ziwa, laktesi hupungua polepole. Ndivyo ilivyo kwa ndama na kwa mtoto wa mbuzi, na ndivyo ilivyo kwa watu walio wengi. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya binadamu wako hivyo. Mtu mzima wa namna hiyo akinywa maziwa mengi kwa mkupuo, sukari isiyokatwa hushuka mpaka utumbo mpana, huvuta maji, na vijidudu vinavyoishi huko huifanyia karamu. Hapo ndipo panapotoka gesi, mngurumo na mbio za kwenda msalani. Huo si mzio. Mzio wa maziwa ni jambo jingine linalotokana na protini zake, si sukari.

Sasa tuingie kwenye historia, na tuanze na ng'ombe, kwa sababu bila ng'ombe hakuna mazoea ya maziwa. Nchi ya Ruvuma kwa muda mrefu haikuwa nchi ya ng'ombe wengi, na adui mkubwa alikuwa mdudu mmoja mwenye mabawa yanayolaliana mgongoni kama mkasi: mbung'o. Daktari David Livingstone, katika safari yake ya mwisho, alitaka kumpima mdudu huyo. Mwaka 1866 alishuka Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda aliowaleta kutoka India, akapanda nao kufuata Mto Ruvuma ili aone kama wanyama hao watastahimili pale ambapo ng'ombe hawastahimili. Hawakustahimili. Mbung'o waliwauma, na askari wa Kihindi waliokuwa wakiwasimamia waliwapiga na kuwatwisha mizigo kupita kiasi, hata Livingstone mwenyewe akashindwa kujua kwa hakika ni kipi kilichowaua. Alipofika kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, Agosti mwaka huo, alifika kwa miguu.

Wangoni walikuwa wamekwisha kufika Songea kabla yake. Hao walikuwa watu wa asili ya ng'ombe, waliotoka kusini kabisa mwa bara hili, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835 siku ya kupatwa kwa jua. Kwa Mngoni ng'ombe alikuwa mahari, tambiko na heshima. Lakini Songea haikuwa Natal. Halafu ukaja ugonjwa wa sotoka, ambao uliingia Afrika kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukafyeka mifugo ya Wamasai mwaka 1891, ukapita nchi za Ziwa Nyasa na kufika Afrika Kusini mwaka 1896, ukiacha mizoga kila ulikopita. Baada ya sotoka ikaja Vita ya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, watu wakafa kwa njaa wengi kuliko waliokufa kwa risasi, na vijiji vilipobaki mahame, pori likarudi na mbung'o wakarudi nalo. Msomaji asishangae basi kwamba kusini mwa nchi yetu vizazi kadhaa vilikua bila kuona kibuyu cha maziwa nyumbani.

Na Wamatengo? Hao wana kisa chao. Milimani kwao kuna baridi na mbung'o si tatizo, lakini mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19 yaliwasukuma wabanane kwenye miteremko mikali, na miteremko hiyo wakaigeuza shamba. Ndiko ulikokomaa ule ustadi wa ngoro. Mkulima hufyeka majani, huyapanga katika miraba, huyafukia kwa udongo, na mlima mzima huwa kama sega la nyuki, kila shimo likikamata maji ya mvua na kuuzuia udongo usiporomoke. Maharage hupandwa, mahindi hufuata. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na Wajapani wamekaa Mbinga miaka mingi kuusoma utaalamu huo, na kusema kweli ni heri mtu aende akauone kuliko kusimuliwa. Kwa mada yetu ya leo yatosha kusema kwamba mlima uliojaa ngoro, na baadaye kahawa, haukuacha nafasi kubwa ya malisho. Nguruwe na mbuzi, ndiyo. Makundi ya ng'ombe wa maziwa, la.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba watu wote wa Ziwa Nyasa hawajui maziwa. Ukifuata ufuko kwenda kaskazini mpaka Kyela na Rungwe utawakuta Wanyakyusa, wafugaji wa siku nyingi ambao hadithi zao na mahari zao zimejaa ng'ombe. Lakini angalia wanavyoyala maziwa hayo: kwa kawaida yakiwa mgando. Wakalenjin wa Kenya nao wana mursik yao, maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichopakwa masizi ya mkaa. Maziwa yanapoganda, vijidudu vinavyoyagandisha hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa uchachu, na vinaendelea kusaidia kazi hiyo ndani ya tumbo la mlaji. Mabibi zetu hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Kuna ushahidi mzuri kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Mahali paitwapo Luxmanda, katika Mkoa wa Manyara, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua makazi ya wafugaji wa miaka 3,000 hivi iliyopita. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba mabaki ya mafuta ya maziwa yamepatikana katika vigae vya vyungu vya wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki, Luxmanda ikiwamo. Mwaka uliofuata protini za maziwa zilipatikana katika ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu wa kale wa Sudan na Kenya. Wakati huo huo uchunguzi wa chembe za urithi, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wengi wa wafugaji hao wa kale hawakuwa na ile alama ya kurithi inayomwezesha mtu mzima kuendelea kutengeneza laktesi. Ilipatikana kwa mtu mmoja aliyezikwa pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, yapata miaka 2,000 iliyopita. Kwa maneno mengine, watu walianza kutumia maziwa wakiwa na matumbo kama ya huyu mama yetu na wakwe zake. Uwezo wa kuyanywa kwa wingi ulifuata baadaye, kwa wale waliokaa na ng'ombe vizazi kwa vizazi.

Alama yenyewe ilitambuliwa kwa utafiti uliofanyika hapa kwetu. Profesa Sarah Tishkoff wa Marekani na wenzake, wakiwamo Watanzania, Wakenya na Wasudani, walizunguka vijijini wakiwapima watu 470 wa makabila 43. Kila mmoja alinyweshwa laktosi gramu 50, ambayo ni kama ya lita moja ya maziwa, kisha akatobolewa kidole mara kadhaa kuona kama sukari inapanda katika damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Wazungu walikuwa na alama yao, ambayo Wafini waliigundua mwaka 2002. Wafugaji wa Tanzania na Kenya wana ya kwao, tofauti kabisa, iliyojitokeza yenyewe miaka ipatayo 3,000 hadi 7,000 iliyopita. Hata Wahadzabe, ambao ni wawindaji na hawafugi chochote, karibu nusu yao waliweza kuimeng'enya sukari hiyo. Baadaye alama hiyo hiyo ya Afrika Mashariki ilikutwa Namibia kwa Wanama, na Afrika Kusini kwa Waxhosa. Wafugaji walipita, wakaelekea kusini na ng'ombe wao. Nani ajuaye kama Mngoni mmoja mmoja, mwenye asili ya huko huko, hakuirudisha tena Songea katika damu yake? Hiyo ni dhana yangu tu, msiipeleke darasani.

Yote haya yanapendeza, lakini msomaji wangu wa Mbinga anataka kujua ilikuwaje maziwa yakawa dawa ya kila mtoto. Kwa hilo inabidi turudi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nchi za Ulaya na Marekani zilikuwa na maziwa kuliko yalivyoweza kunywewa huko. Yaliyokwisha kuondolewa mafuta yalikaushwa yakawa unga, na unga huo UNICEF ikaugawa katika nchi maskini. Wakati ule madaktari walikuwa wanahangaika na kwashiakoo, ugonjwa ambao jina lake Dakta Cicely Williams alilichukua kwa Waga wa Ghana ya leo na kulitangaza katika jarida la madaktari mwaka 1935. Mwaka 1952 Brock na Autret, waliotumwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na chakula, walichapisha ripoti yao juu ya ugonjwa huo Afrika: kosa ni upungufu wa protini, na maziwa ya unga ni mojawapo ya dawa. Jambo lililokuwa tatizo la ghala la Ulaya likakutana na tatizo la mtoto wa Afrika, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza kama tumbo la mtoto limeshirikishwa.

Sitaki kuwaonea. Maziwa hayo yaliokoa maisha ya watoto wengi, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala na kwingineko. Lakini madaktari wa wodini waliona pia kwamba wako watoto ambao maziwa yaliwazidishia kuharisha. Katikati ya miaka ya 1960 wakaanza kutazama ndani ya utumbo. Kwa watoto wenye kwashiakoo waliona vile vinyweleo vimepukutika na laktesi imekwisha pamoja navyo. Na mwaka 1966 madaktari wawili wa Kampala, G. C. Cook na S. K. Kajubi, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyowashangaza wengi: miongoni mwa Baganda wazima, wenye afya, wasioumwa kitu, wengi mno hawakuwa na laktesi ya kutosha, wakati Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe, wengi wao walikuwa nayo. Mwaka huo huo, huko Baltimore, Marekani, madaktari walikuta jambo kama hilo: kati ya Wamarekani weusi waliowapima, 7 katika kila 10 walishindwa kuimeng'enya laktosi, na kati ya weupe alikuwa mtu mmoja mmoja. Cook baadaye alihamia Lusaka, akapima Wazambia, nao wakawa vivyo hivyo na Baganda.

Hapa nina neno la kusema juu ya lugha. Matokeo hayo yaliandikwa kwa jina la "upungufu". Upungufu kulinganisha na nani? Walioandika vitabu walitoka katika pembe ndogo ya dunia ambako watu wazima hunywa maziwa kama maji, wakajifanya wao ndio kipimo, na theluthi mbili ya binadamu ikawa na upungufu. Ni sawasawa na Mnyasa, kwa kuwa anajua kuogelea tangu utotoni, aseme watu wa Dodoma wana upungufu wa mapezi. Wanasayansi wenyewe wameliona hilo, na siku hizi wengi wao husema kinyume chake: kwamba wachache ndio wenye jambo la pekee, la laktesi kudumu ukubwani. Neno la kwanza lakini bado limo katika vitabu vingi, na limo katika vichwa vya watu wengi waliosoma vitabu hivyo.

Baada ya utafiti huo wako waliorukia upande wa pili wakasema Mwafrika asipewe maziwa kabisa. Nao walikosea. Ng'ambo ya ziwa letu, katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, watoto wenye kwashiakoo waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa maziwa na wengine chakula cha mahindi kilichochanganywa na vyakula vya protini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Waliopewa maziwa walipona vizuri zaidi, utumbo wao ukiwamo. Ndiyo maana hospitali zetu leo humwanzishia mtoto mwenye utapiamlo mkali maziwa maalumu yaitwayo F-75, ambayo laktosi yake imepunguzwa sana kwa kuchanganywa na sukari ya kawaida na mafuta, hutolewa kidogo kidogo usiku na mchana, na akipata nguvu huhamishiwa F-100. Haya si maziwa ya kukorogewa nyumbani kwa kikombe.

Basi, mama wa Mbinga, jibu lako. Zipo namna tatu za tatizo hili. Ya kwanza ni ya kuzaliwa nalo, nayo ni adimu mno. Inajulikana zaidi Finland, na mtoto mwenye nayo huharisha tangu siku za kwanza za kunyonya. Mwanao amenyonya mwaka na nusu akanenepa, kwa hiyo hiyo tuiweke kando. Ya pili ni ya watu wazima, ile ya babu mkwe wako ambaye umeandika kwamba hakupata kugusa maziwa maisha yake yote. Huja polepole miaka ya baada ya kuachishwa ziwa. Ya tatu ndiyo yako: kuharisha kwenyewe kunachubua vile vinyweleo, laktesi inapungua kwa muda, na sukari ya maziwa inayoingizwa kwa wingi siku hizo inaongeza maji juu ya maji. Uchachu wa choo na makalio kuchubuka ni dalili yake. Vinyweleo huota upya. Kwa kawaida ni suala la siku hadi wiki chache.

Ulipaswa kuambiwa umwendeleze ziwa. Maziwa ya mama hayachafuki kwa mtoto kuharisha. Hata kama yana laktosi nyingi, huingia kidogo kidogo, yana kinga, na watoto wengi mno wanaoharisha huyastahimili. Kama bado yanatoka, mrudishe. Mtoto hunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Mpe maji yenye chumvi ya dawa ya kuharisha, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoagiza tangu mwaka 2004. Mpe uji, ugali laini, maharage yaliyopondwa, samaki. Maziwa ya ng'ombe yasimame kwa wiki moja au mbili, kisha yarudi kidogo ndani ya uji, au yawe mtindi, na siku zote yawe yamechemshwa. Lakini kwa sasa, kwa kuwa kuharisha kumepita siku 14, usingoje kikao wala gazeti: mpeleke mtoto kituo cha afya wapime uzito wake, waangalie kama amekaukiwa maji, na watafute kama kuna jambo jingine.

Kwa wazee wa kikao nina ombi moja la heshima. Kabla ya kutoa hukumu, kila mmoja apewe lita moja ya maziwa freshi ya mtamba huyo huyo, anywe yote hapo hapo bila kula kitu. Kipimo hicho hicho ndicho kilichotumika katika utafiti niliousimulia. Nina hakika kikao kitaahirishwa kabla ya saa mbili kupita, na hakuna atakayesema wazee wamebemendwa.

Kwa sisi wengine swali ni hili: je, ng'ombe hawa wa maziwa wanaoingia Mbinga wana faida gani kama matumbo yetu hayana laktesi? Wana faida, tena kubwa. Watu wengi wasio na laktesi ya kutosha huvumilia gramu 12 hivi za laktosi kwa mara moja, ambayo ni kikombe kimoja, hasa kikinywewa pamoja na chakula. Wakenya wa rika fulani wanakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanzishwa na Rais Moi mwaka 1979, pakiti ya mililita 200 kwa kila mtoto wa shule ya msingi, mpaka mpango ulipokufa miaka ya 1990. Pakiti ile ilikuwa na laktosi isiyofika gramu 10. Watoto wa Wakikuyu, wa Waluo na wa Wagiriama waliinywa, walio wengi bila matatizo, na waliokuwa na matumbo mepesi nao waliitia katika chai. Tatizo huanza pale mtaalamu anapomwambia mama kwamba mtoto asipomaliza nusu lita kwa siku hatakua.

Swali la mwisho ambalo huulizwa kila nikizungumzia jambo hili ni la mifupa. Kama babu zetu hawakunywa maziwa, chokaa ya mifupa waliipata wapi? Jibu lake liko chini ya mlima, ziwani. Mnyasa wa mwambao, kutoka Lituhi mpaka Mbamba Bay, alikula na bado anakula ugali wa muhogo kwa samaki, na samaki wa kila siku ni usipa, yule dagaa mwembamba wa Ziwa Nyasa anayevuliwa usiku wa giza kwa taa. Usipa haliwi mnofu tu. Huliwa kichwa, mifupa na mkia, na chokaa iliyomo ndani ya kiganja kimoja cha dagaa wakavu inashindana vizuri na kikombe cha maziwa. Wamatengo waliipata kwa kubadilishana: mahindi na maharage yaliteremka, dagaa wakapanda. Tangu mwaka 2012 mwambao huo ni Wilaya ya Nyasa, umetengwa na Mbinga, na barabara ya kushuka Mbamba Bay sasa ina lami. Magunia ya dagaa yanapanda mlima kama zamani, isipokuwa siku hizi hayapandi kichwani mwa mtu.